Saruji Niliyowapaka Kulwa na Doto

Wenzangu wa mwiko na timazi, tangu nistaafu mmenipigia simu mara kumi na moja. Mara kumi mliuliza vipimo vya chokaa na mchanga, mara moja mlikosea namba. Vipimo nimeviandika kwenye karatasi ya mwisho, mtavikuta. Haya ya mbele ndiyo ninayotaka msome kwanza, na nimeyaandika nikiwa na hasira. Nilisubiri wiki tatu zipoe. Nimezihesabu mara mbili hizo wiki, ni tatu kweli, na hazikupoza kitu. Atakayetafuta humu nilipanda cheo lini au nililipwa kiasi gani atatoka mikono mitupu.

Kazi ya ujenzi niliiingia nikitokea chini ya ardhi. Nilikuwa mchimbaji mdogo Rwamgasa, kwenye duara, shimo lile la dhahabu mnaloshuka kwa kamba na kutoka na vumbi hadi kwenye fizi. Duarani nilijifunza jambo moja la maana, na dhahabu haikuwa ndilo. Kabla hujakaa chini ya mwamba, unaugonga kwa nyundo na kusikiliza. Mwamba uliokaa vizuri hujibu *ti*, kavu na fupi. Mwamba ulioachana na wenzake hujibu *bwu*, kama debe tupu. Ukisikia *bwu* huongei, unatoka. Siku moja mwenzetu alibaki kuongea. Tulipomaliza kumtoa nilikunja nguo zangu mbili, nikapanda lori la mashudu ya pamba hadi Shinyanga mjini, nikaenda kuomba kazi yoyote iliyo juu ya ardhi.

Niliyemkuta ni Mzee Shomari, mwashi mwenyeji wa Tabora, mtu mfupi mwenye ulimi wa tindo. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa ghorofa la zamani, amefunga mikono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua nini?"

"Kugonga mwamba."

"Hapa hatuna mwamba. Tuna ukuta."

"Ukuta si mwamba uliopangwa tu, mzee?"

Alinitazama kwa muda kama anayekagua tofali lililopinda. "Haya, mwenye maneno. Gonga."

Niligonga kuanzia mlangoni hadi kwenye ngazi. Nikamwambia hapa pamefunguka, hapa pazima, pale chini ya dirisha pana pango. Alitoa tindo, akafungua chini ya dirisha. Matofali mawili yalikuwa yameachia na panya alikuwa amehamia na familia yake. Mzee Shomari akafuta tindo kwenye suruali. "Kesho uje na ndoo yako," akasema. Hiyo ndiyo barua pekee ya ajira niliyowahi kupewa na mtu niliyemheshimu.

Ukuta ule ulikuwa wa Kulwa. Ninyi vijana mmemkuta Doto peke yake, kwa hiyo nieleze. Yalikuwa maghorofa mawili yaliyosimama bega kwa bega, yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi enzi za pamba: maduka chini, nyumba za kupanga juu, baraza ya mbao mbele, ua katikati. Kwa kuwa yalifanana, mji uliyapa majina tunayowapa mapacha wetu. La kwanza kujengwa likawa Kulwa, la pili Doto. Basi hata mimi nitawasema kama watu, mnisamehe. Kuta zao zilikuwa na unene wa dhiraa nzima, matofali ya kuchoma na chokaa. Ngazi za Kulwa zilikuwa na vidato arobaini na vinne, za Doto arobaini na vitatu. Nilihesabu mara mbili, nikamwuliza Mzee Shomari kulikoni. Akasema aliyejenga za Doto alikuwa na njaa.

Mzee ndiye aliyenifundisha chokaa. Inakuja mapande meupe, imechomwa. Unaizima kwa maji shimoni na inachemka yenyewe bila kuni, halafu unaifunika kwa magunia mabichi na kuiacha ilale. Unachomeka mwiko. Ukitoka umeshikwa na kitu kama mtindi, imeiva. Ukitoka na punje, funika uondoke. Mimi nilikuwa mtu wa kupatana hadi bei ya chumvi, nikajaribu kupatana na chokaa.

"Mzee, wiki mbili hazitoshi?"

"Iulize yenyewe."

Ililala mwezi na siku kadhaa. Nilizihesabu kwa uchungu.

Na alinionya. Alisema ukuta wa chokaa unakunywa maji mvua ikinyesha, jua likitoka unayatapika, ndiyo afya yake. Ukiupaka saruji juu umeufunga mdomo. Utaendelea kunywa kwa chini, kwenye msingi, na hautakuwa na pa kutapikia. "Utaoza ukiwa na sura nzuri," alisema. Nilisikia vizuri, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Sina kisingizio cha masikio.

Mzee Shomari alirudi kwao Tabora magoti yalipomgomea, nikaachiwa mwiko wake na mafundi wake. Muda si mrefu mwenye maghorofa akataka lipu mpya, Kulwa na Doto wote wawili. Alitaka laini, alitaka haraka, na alitaka saruji, kwa sababu siku hizo saruji ilikuwa ndiyo maendeleo na chokaa ilikuwa ya kupaka miti barabarani rais akipita. Mngeniona. Sikumkatalia hata kwa mdomo. Nilipiga saruji kutoka chini hadi juu, ndani na nje, nikaivuta kwa ubao mpaka ungeweza kujitazama uso. Watu walikuja kupapasa. Mimi pia nilikuwa napita jioni kupapasa.

Kosa langu nililijua Nyasubi, Kahama, miaka mingi baadaye. Tulikuwa tumeitwa kwenye nyumba ya ghorofa moja ya aina ileile, wenyewe wakisema ukuta unatoa jasho na kumomonyoka. Niligonga: *bwu* kila mahali. Nikabandua lipu ya saruji nikitegemea kukuta uji wa matofali. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa kama nguo iliyotoka kwenye beseni, lakini mzima. Tuliuacha wazi. Baada ya wiki chache ulikauka, na nilipougonga ukanijibu *ti*. Nilikaa juu ya ndoo. Ghorofa ile haikuwa inaumwa. Ilikuwa imezibwa pumzi na fundi mmoja hodari, mwenye mkono laini, kama mimi. Nikajua papo hapo nilichowafanyia Kulwa na Doto.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa kufika.

Kulwa alipigwa X. Mnazijua zile X nyekundu, kubwa, za haraka, zinazochuruzika rangi. Viwanja vyote viwili vilikuwa vimenunuliwa na bwana mmoja anayeitwa Mabula, mnunuzi wa dhahabu kutoka Geita, aliyetaka kusimamisha jengo la vioo. Ripoti ilisema kuta za Kulwa zimechoka, zina nyufa, lipu inaanguka juu ya wapita njia. Ni kweli lipu ilikuwa inaanguka. Lipu ilikuwa yangu. Nilikuwa mtu pekee katika mji ule aliyejua kwa hakika kwamba nyuma ya ile saruji kulikuwa na ukuta mzima. Ningeinua mkono nikasema. Lakini siku hizo nilikuwa na jina, mafundi walilitaja wakiomba kazi kwingine, na kusema kweli kulimaanisha kusema ni mimi. Nilipima mara mbili, kama kawaida yangu, na mara zote mbili nikanyamaza.

Walipanga kumbomoa kwa siku mbili. Ilichukua tisa. Saruji yangu ilianguka yote asubuhi ya siku ya kwanza, kama magamba. Kilichobaki kupigana na kijiko cha mashine siku nane zilizofuata ilikuwa kazi ya watu wengine. Siku ya nne meno ya kijiko yalivunjika, wakaagiza mengine Mwanza.

Tulikuwa tumesimama ng'ambo ya barabara, mimi na Mama Neema, fundi cherehani aliyekuwa akishonea kwenye baraza ya Kulwa na kulala na wanawe ghorofa ya pili. Vitu vyake vilikuwa pembeni, cherehani juu kabisa, imefungwa khanga.

"Fundi," akasema, "mgonjwa gani huyu anayepigana hivi?"

"Ndivyo yalivyo majengo ya zamani," nikamjibu. Liandikeni hilo jibu mahali, kama mfano wa jibu la kipumbavu.

Mama Neema alihamia kwa Doto, mlango wa pili, akaweka cherehani barazani kama mwanzo. Haikupita muda, asubuhi moja akanifuata kazini akiwa na karatasi za ripoti, nakala iliyobandikwa kwenye notisi ya wapangaji. Doto naye alikuwa amepigwa X.

"Mwangaluka, fundi," akanisalimu Kisukuma. "Walinifukuza kwa pacha, sasa wananifuata kwa pacha mwenzake. Nisomee hapa."

Nilisoma. Nguzo kumi na nne za zege zina nyufa za hatari.

"Mimi nimeegemea nguzo za baraza ile tangu nihamie," akasema. "Ni za chuma. Hizo za zege ziko wapi?"

Tukaenda pamoja. Doto hana nguzo ya zege hata moja, anasimama kwa kuta zake. Barazani kuna nguzo sita za chuma. Nilihesabu kwenda na kurudi, na Mama Neema akihesabu nyuma yangu kwa kuwa hakuniamini. Tuliendelea kusoma. Ukurasa wa pili ulisema lifti haifanyi kazi. Hapo ripoti ilikuwa sahihi. Lifti ya Doto haijafanya kazi hata siku moja, kwa sababu haipo.

Nataka mkasirike hapa, msicheke tu. Familia kumi na sita zilikuwa zinatolewa nje kwa ripoti ya jengo jingine, iliyobadilishwa jina juu. Aliyeiandika hakufika, au alifika akabaki ndani ya gari. Na sahihi zilikuwa nne. Watu wanne walisaini na hakuna aliyehesabu nguzo hata mara moja.

Kikao kilifanyika ofisini kwa manispaa. Alikuwapo afisa aliyetoa notisi, mhandisi kijana aliyesaini ripoti, Mabula mwenyewe na kofia yake pana, na wapangaji wamejaa hadi mlangoni, Mama Neema mbele. Nilisimama nikasoma habari ya nguzo.

"Hilo ni kosa la uchapaji, mzee," akasema mhandisi.

"Nguzo kumi na nne?"

"Ndiyo."

"Na lifti nayo imechapwa?"

Watu wakaguna. Afisa akagonga meza kwa kalamu. "Sawa, tuseme nguzo hazipo. Lakini nyufa mimi nimeziona kwa macho yangu. Lipu inadondoka. Nazo ni uchapaji?"

"Hapana, mheshimiwa. Nyufa zipo. Ila ni za lipu, si za ukuta."

"Umejuaje?"

Hapo ndipo njia yangu yote ya kuzunguka ilipoishia. Nikasema, "Lipu ile niliipiga mimi. Saruji juu ya chokaa. Nilikuwa nimeonywa nisifanye, nikafanya. Imezizuia kuta kutoa maji."

Mabula ndiye aliyecheka. "Yaani wewe uliyeharibu ndiye unayetaka upewe utengeneze?"

"Ndiyo, bosi. Wengine hawajui palipoharibika."

"Mimi nataka vioo, mzee."

"Vioo kwa jua hili la Shinyanga? Utawakaanga wapangaji, kisha uwanunulie feni. Ingia kwa Doto mchana ushike ukuta."

Afisa akauliza nataka nini hasa. Nikasema miezi mitatu. Akasema wiki moja. Nikasema chokaa peke yake inalala mwezi. Akasema serikali hailali na chokaa. Mwishowe akatoa siku kumi za kufungua ukuta mmoja tu, na ukikutwa umeoza kijiko kinaingia siku ya kumi na moja.

"Kumi na nne," nikasema.

"Kwa nini kumi na nne?"

"Moja kwa kila nguzo."

Hata afisa alishindwa kujizuia kucheka. Akaandika kumi na nne.

Nilichagua ukuta mbaya kuliko wote, wa upande wa ngazi, ili asije mtu kusema nimetafuta mzuri. Nilibandua saruji yangu kwa tindo, mita kwa mita, na kila kipande kilichoanguka nilikijua. Matofali yalikuwa yanavuja machozi meupe. Mistari mitatu ya chini, karibu na mfereji, ilikuwa imeoza kweli, sikuificha, niliizungushia chaki. Juu yake tuliuacha ukuta upigwe upepo. Siku ya kumi na nne walikuja wote. Ulikuwa bado una mabaka, lakini kifua kilikuwa kimekauka. Niligonga. Nikamwambia mhandisi asogee, akasogea, akasikiliza kama anayeongea na simu mbovu.

"Chuoni hatukufundishwa chokaa," akasema taratibu.

"Kuhesabu mlifundishwa."

Sijutii kusema.

Aliyeamua siku ile alikuwa Mabula. Alivua kofia, akaninyang'anya nyundo, akaanza kugonga mwenyewe, si kama tajiri anayejaribu, bali kwa mkono mfupi wa mtu aliyewahi kulala chini ya mwamba. Kumbe kabla ya kununua dhahabu alikuwa ameichimba, Rwamgasa hukohuko, miaka kadhaa baada yangu. Aligonga juu, akagonga kati, akaenda hadi kwenye kona akaweka sikio. Kisha akasema neno ambalo wapangaji hawakulielewa na mimi nikalielewa lote:

"Hapa ningelala."

Akamrudishia afisa notisi yake mkononi.

Kazi ilichukua masika mawili. Tulibandua saruji yote, na ile X nyekundu ikaanguka pamoja na kipande ilichoandikwa. Tulichimba shimo la chokaa uani. Boriti tisa za sakafu zilikuwa zimeliwa na mchwa, tukazibadilisha moja moja huku tumesimamisha matimba chini, magogo yaleyale ya kukinga paa la duara, na wapangaji wakiendelea kupika juu yetu. Niliwahamisha chumba hadi chumba, hakuna aliyelala nje. Mnaofanya kazi hizi sasa, shikeni hilo: jengo lenye watu ndani linakuambia linapouma. Likishahamwa, hakuna wa kukupigia kelele.

Na mkiambiwa jengo limechoka, ulizeni limechoshwa na nani. Mara nyingi mtakuta ni mmoja wetu, mwenye mkono laini, aliyeharakishwa. Kiwanja cha Kulwa mpaka leo kimezungushiwa mabati. Jengo la vioo halikuja. Ndani kuna magugu na tela bovu.

Kazi ya Doto ilipokamilika nilikuwa nimebakiza siku chache za utumishi. Nilimpelekea Mama Neema suruali mpya anifupishie, ilikuwa ndefu kwa vidole vinne. Alikuwa barazani, mguu kwenye pedali. Alipokea, akapima, akaweka pini mguu wa kwanza. Tukaongea habari za wanawe. Kisha bila kuinua macho akauliza:

"Fundi, yale uliyosema ofisini, kwamba ukuta mzima na ubaya ni lipu. Uliyajua lini?"

"Zamani kidogo, mama."

"Zamani ya lini? Kabla ya Kulwa au baada?"

Ningeweza kupatana. Maneno ya kupatana yalikuwapo, nayajua yote. Nikasema, "Kabla."

Pedali ikasimama. Hakupandisha sauti. Alitoa pini alizokwishaweka, moja moja, akazirudisha kwenye mto wake, akakunja suruali vizuri kama anayeikabidhi imekamilika, akanipa.

"Peleka kwa fundi mwingine."

Sikupeleka. Mliocheka siku ya kuniaga kwa kuwa suruali ya mzee inafagia sakafu, nilisikia mkicheka, na hamkukosea. Nimeiacha hivyo hivyo. Naivaa Jumapili.